Kivuli cha mwaloni na maua ya baridi: shajara ya mradi wangu

Septemba 6, mwaka wa kwanza

Leo nimeanza rasmi bustani yangu ya maua ya baridi chini ya mwaloni, kwa hiyo naanza kuandika pia. Huu ni mradi wa miaka, si wa wiki, na bila tarehe utasahau nini kilifanyika lini na hutajifunza kitu.

Eneo lenyewe ni kipande cha mita 4 kwa mita 2 na nusu, chini ya mwaloni mkubwa nyuma ya nyumba, pale ambapo dirisha la jikoni linaangalia. Miaka 5 sasa kila nilichopanda pale kimekufa au kimerefuka tu kikawa chembamba kama uzi. Nyasi zimekataa. Maua ya kiangazi yalitoa majani mawili matatu yakaishia hapo. Watu wote walionishauri waliniambia neno moja, hapo ni kivuli, mwaga kokoto yaishe.

Sasa Januari iliyopita asubuhi nimesimama dirishani naosha vyombo nikaona jua linaangaza pale pale chini ya mwaloni, jua lenyewe kabisa, ardhi inang'aa, nikashangaa maana mwezi wa 8 pale ni giza mchana kutwa. Halafu nikainua macho nikaona mti hauna jani hata moja, maana huku Januari ni katikati ya msimu wa baridi. Yaani ndo hivyo tu, majani yakishapukutika hakuna cha kuzuia jua. Toka siku ile kila mwezi nilichagua siku moja isiyo na mawingu nikawa naandika jua linakaa pale kwa muda gani: Januari masaa 4, Februari karibu 5, Machi zaidi ya 5, mwisho wa Aprili linaanza kukatika majani yanapofunguka, Julai dakika 40 na hizo zenyewe vipande vipande. Kwa hiyo pale jua lipo, ila lina msimu wake, na msimu huo ni ule ambao bustani nyingine zote zimelala. Ninachotafuta sasa ni mimea ya kudumu ambayo nayo inaamka muda huo. Na ipo, tena si michache.

Septemba 13

Udongo. Nimechimba mashimo 6 ya majaribio nikakuta mizizi ya mwaloni minene kama dole gumba, hiyo sikuigusa, unazunguka unatafuta mfuko wa udongo katikati ya mizizi unapanda hapo. Ukikata mizizi mikubwa unaumiza mti, na mti ukiumia mradi mzima umekwisha maana ndo unaoleta kivuli cha kiangazi na mwanga wa baridi.

Chini ya sentimita 10 ni pakavu kama unga. Hili watu wanalisahau, shida ya chini ya mti mara nyingi si mwanga, ni maji, mti unayanywa yote na majani yanakinga mvua nyepesi isifike chini. Nimepima pH (kiwango cha tindikali ya udongo) kwa kile kipimo cha dawa inayobadilika rangi, imesoma karibu na 7, ambayo ni nzuri kwa nilichopanga, helebori, mimea ya kudumu inayochanua wakati wa baridi, wanapenda udongo usio na tindikali kali na hata chokaa kidogo hawaijali.

Nimetandaza mboji ya majani unene wa sentimita 5, ilikuwa imelundikana nyuma ya banda miaka kadhaa imegeuka nyeusi laini harufu ya msituni. Sijazidisha hapo kwa sababu ukifukia mizizi ya mti kwa udongo mwingi inakosa hewa, na pale kwenye shina lenyewe nimeacha wazi. Majani ya mwaloni yatakayoanguka msimu huu nitayakusanya kwenye kikapu cha waya, yanachukua kama miaka 2 kuoza vizuri, nianze sasa nisije nikajuta.

Septemba 20

Orodha ya mimea imekamilika, nimeikata mara tatu. Mwenye shughuli hapa ni helebori. Kuna aina karibu 20 za porini na mahuluti (mimea ya mchanganyiko wa aina mbili au zaidi) chungu nzima, mimi nimechagua makundi matatu.

Kwanza Helleborus niger, nitakuwa namwita naija tu. Jina la Kilatini maana yake nyeusi wakati ua ni jeupe pe, hadi ukichimba ndo unaelewa, mizizi yake ndo myeusi. Asili yake ni milima ya Alpi. Huyu ndo anatangulia, anaweza kuchanua katikati ya baridi kabisa.

Pili mahuluti ya bustani, yale yanayoandikwa Helleborus × hybridus, maua yake yanainamisha kichwa, rangi ni kuanzia nyeupe, pinki, njano hafifu, zambarau mpaka karibu nyeusi, mengine yana madoa kwa ndani kama manyunyu ya wino. Wanaanza mwezi wa 2 wanaendelea hadi wa 4. Hawa ukinunua mche mdogo wa mbegu hujui rangi utakayopata, kwa hiyo nanunua 4 wadogo sasa na wengine 3 nasubiri mwezi wa 2 nikawachague wakiwa na ua tayari.

Tatu Helleborus foetidus, jina linasema ananuka, ila mimi nimenusa hadi nimeponda jani ndo nikapata kaharufu. Maua ya kijani kama vikengele vyenye ukingo mwekundu. Huyu anastahimili kivuli kikavu kuliko wenzake, ndo maana nataka wawili karibu na shina.

Halafu wadogo wa kujaza chini: erantisi (kaua kadogo ka njano), siklameni ya baridi (Cyclamen coum, siyo ile kubwa ya kwenye chungu cha ndani), na galanthasi (kaua kadogo keupe). Swali lililonisumbua ni helebori wa maua dabo, yale yanayoonekana kuwa na petali nyingi. Ni wazuri kwa kweli. Mwaka 1971 Elizabeth Strangman, mkuzaji mimea wa Uingereza, alikuta Montenegro helebori wawili wa porini wenye maua dabo, akazalisha kutoka hao, na dabo nyingi za leo zina damu yao. Lakini kwenye dabo vile vikombe vya nekta, yale maji matamu ya ua, ndo vimegeuka kuwa kama petali, nyuki akifika hapati nekta. Mimi nataka nyuki. Nimebaki na maua ya kawaida.

Oktoba 4

Nimepanda! Naija 3, mahuluti 4, foetidus 2, siklameni 5, erantisi 20.

Helebori nimewapa nafasi ya sentimita 45 kati ya mmoja na mwingine, wanaonekana wamepotea pale ila wakikua wanajaza, na hawapendi kabisa kuhamishwahamishwa, ukimweka sehemu inayomfaa anakaa hata miaka 20. Kabla ya kupanda kila chungu nimekizamisha kwenye ndoo ya maji hadi mapovu yaishe, kwa udongo mkavu kama huu ukipanda mzizi mkavu umempa kazi mara mbili.

Erantisi nimeziloweka usiku mzima, ni vijiazi vidogo vyeusi vilivyonyauka, hujui juu ni wapi chini ni wapi, nikapanda kwa ubavu kina cha sentimita 5 nikaziachia zijigeuze zenyewe. Siklameni nimeweka karibu na shina kabisa ambako ni pakavu zaidi kiangazi, kwa sababu wakati huo wao wamelala hawana jani. Nilinunua zikiwa na majani kwenye vikopo, si vile viazi vikavu vya kwenye pakiti. Galanthasi nimeahirisha makusudi, tunguu lake, kile kichwa kama kitunguu cha chini ya ardhi, lina ngozi nyembamba linakauka haraka, likishakaa wiki kadhaa kwenye pakiti mengi hayaoti. Hiyo nasubiri baada ya maua, mwezi wa 3.

Mume wangu alikuja akasimama akaniuliza, "Sasa baridi ndo inaingia na wewe ndo unapanda maua?" Nikamwambia ndiyo, udongo bado una joto, mizizi inashika kabla ya jalidi, ile barafu ya usiku. Akaenda akaleta ndoo ya maji ya pili.

Desemba 2

Leo nimefanya kosa na linaniuma, naliandika lote.

Kwa mahuluti unatakiwa mwanzo wa baridi ukate majani yote ya zamani pale chini, kabla vichwa vya maua havijatoka. Sababu ni mbili: majani ya zamani yanabeba ukungu wa madoadoa, vile viduara vya kahawia iliyokolea, na maua mapya yakipita katikati ya majani yale yanaambukizwa, pili ua linaonekana halijafunikwa. Nimevaa glavu maana utomvu wa helebori unawasha ngozi, na mmea wote una sumu kuanzia mzizi hadi mbegu, mwenye watoto au mbwa anayechimbachimba alijue hilo kabla hajapanda. Nimekata mahuluti 4 safi kabisa. Naija nimetoa majani yaliyoharibika tu.

Halafu mkono ukaendelea kwenye foetidus mmoja. Nikakata mashina mawili kati ya matatu, nikaona tu majani ya zamani, ndipo nikaona kwenye ncha ya shina nililoshika mkononi kuna vichipukizi vya kijani hafifu vimejikunja. Ni maua. Foetidus haoti kama wenzake, yeye anatoa shina lenye majani mwaka huu, na mwaka unaofuata shina hilo hilo ndo linatoa ua kwenye ncha, likimaliza kuzaa mbegu ndo unalikata. Kwa hiyo nimekata maua ya Februari kwa mkono wangu. Nimeyaweka kwenye glasi ya maji dirishani sina matumaini nayo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa namsubiri huyu kwa sababu maalumu. Mwaka 2010 watafiti wa Hispania walionyesha kwamba kwenye nekta ya foetidus kunaishi chachu ndogo sana, inakula sukari na kutoa joto, ndani ya ua panakuwa na joto zaidi ya hewa ya nje kwa nyuzi kadhaa. Yaani ua lenye jiko lake. Shina moja limebaki kwa huyu, na mwenzake mzima ana mawili.

Januari 11

Usiku umeshuka hadi nyuzi 9 chini ya sifuri. Naija mmoja alikuwa ameshatoa maua mawili toka juzi, meupe, yamesimama juu ya majani yaliyooza ya mwaloni kama sahani ndogo. Leo asubuhi saa moja yote yamelala chini, mashina yamelegea kama kamba iliyolowa, majani yamekuwa meusi meusi. Nilikaribia kwenda kuyamwagia maji ya uvuguvugu, ashukuriwe Mungu sikufanya hivyo.

Saa sita mchana jua lilipokuwa limekaa pale masaa mawili (jua lile la Januari nililolipima) yakaanza kuinuka. Saa nane yamesimama kama hayakuguswa. Kinachotokea ni kwamba baridi ikizidi maji yanatoka ndani ya seli yanaingia kwenye nafasi za nje ya seli, barafu inajifanyia huko badala ya kupasua seli kwa ndani, ila seli zikishapungukiwa maji shina linakosa nguvu ya kusimama. Likipata joto maji yanarudi na shina linarudi. Kwa hiyo ukiona helebori kalala asubuhi ya jalidi usimguse, usimkate, usimmwagie kitu. Msubiri.

Nimekaa na ile picha siku nzima kusema kweli.

Februari 8

Erantisi 13 kati ya 20 zimetoka. Njano kali, urefu hazifiki sentimita 8, kila ua limevaa kola ya majani ya kijani shingoni. Mawingu yakija zinafunga, jua likitoka zinafungua, nimezitazama zikifanya hivyo mara tatu kabla ya mchana. Siklameni nazo zimefungua, pinki iliyokolea, majani ya duara yenye michoro ya fedha, kwa wale 5 ni wawili tu wenye maua ila wote wazima.

Leo imefika nyuzi 11 na nyuki wamekuja. Wa kwanza alikuwa bambi mkubwa, yule nyuki mnene wa manyoya, malkia ameamka mapema, akaingia kwenye ua la naija hadi akapotea. Nimelala kifudifudi kwenye gunia kuangalia ua kwa ndani. Zile tunazoita petali 5 siyo petali, ni sepali, ile sehemu ambayo kwenye maua mengine ni kijani na inafunika kichipukizi tu. Petali halisi zimejikunja zikawa vikombe vidogo vya kijani vimezunguka katikati, humo ndimo mna nekta. Na ndiyo sababu ua la helebori halipukutiki baada ya wiki kama mengine, petali zinaanguka mapema ila sepali zinabaki, zinageuka taratibu kuwa kijani na kukaa miezi. Unalipata ua la Januari bado lipo Aprili, limebadilika rangi tu.

Nimenunua yale mahuluti 3 wakiwa na maua: mmoja zambarau iliyokolea karibu nyeusi, mmoja njano hafifu, mmoja mweupe mwenye madoa. Ushauri wangu hapa, ule mweusi ni mzuri ukimshika mkononi lakini chini ya mti kwenye udongo mweusi humuoni ukiwa dirishani. Nimempanda mbele kabisa nikazungushia siklameni. Kwa anayetaka kuona maua akiwa ndani ya nyumba, nyeupe na njano ndo zinafika jichoni.

Machi 3

Naija watatu wamebaki wawili. Wa tatu alikuwa hachanui, majani ya njano, leo nimemvuta akaja mkononi bila kupinga, shingo imeoza laini. Nilimzika sana. Yale majani ya mwaloni na mboji niliyoongezea juu mwezi wa 11 yalifunika ile sehemu mzizi unapokutana na shina, ikawa na unyevu winta nzima. Kwa naija hasa hiyo sehemu iwe sawa na uso wa udongo, hata ikiwa juu kidogo si mbaya. Nimewapitia wote waliobaki nikafukua kwa vidole kuzunguka shingo. Wawili walikuwa wameshaanza kulowa.

Machi 15

Bibi wa nyumba ya pili ana galanthasi nyingi sana chini ya uzio wake wa miti, nilimwomba nikaenda kumsaidia kuchimba. Maua yameisha majani bado mabichi, huo ndo wakati wake wa kuhamisha. Alinipa mabonge 6 akaniambia, "Mwanangu, hizi usiziweke ukasema kesho. Zipande leo leo, kina kile kile zilichokuwa nacho, angalia ule weupe wa shina ndo ulipokuwa chini ya ardhi." Nikamwambia asante bibi, nikatoka pale moja kwa moja hadi bustanini. Nimeligawa kila bonge kwenye vikundi vya matunguu matano matano, nimepata vikundi 14. Nimemwagilia. Majani yameachwa yakauke yenyewe, hayo ndo yanapika chakula cha tunguu kwa mwaka ujao, na lazima yamalize kazi kabla mwaloni haujafunga mlango mwezi wa 5.

Nimechomeka vijiti kila penye erantisi na galanthasi, zikishalala juu hakubaki alama na mtu anaweza akachimba juu yake.

Juni 9

Giza limerudi chini ya mwaloni. Mwenye kuja leo hataamini kulikuwa na kitu pale, ni majani ya helebori tu, ya kijani yenye vidole, mazuri ila kimya.

Mbegu zimeiva. Vile vibuyu katikati ya maua ya zamani vimevimba vikapasuka, ndani mbegu nyeusi zinang'aa. Kila mbegu ina kipande cheupe cha mafuta ubavuni, hicho ni chakula cha sisimizi, wanazibeba wanapeleka kwenye shimo lao wanakula kile cheupe mbegu inabaki imepandwa. Nimewaona kwa macho, mstari wa sisimizi wanatembea na mbegu za yule mhuluti wangu wa zambarau kuelekea kwenye ukuta. Siklameni nazo zina mtindo wao, kikonyo cha ua lililochavushwa kinajizungusha kama springi kinashusha kibuyu hadi kwenye udongo, na huko sisimizi wanamalizia.

Nimewahi mbegu 40 kabla yao. Nimezipanda leo leo, kina cha sentimita 1, kwenye makopo yenye udongo uliochanganywa na changarawe ndogo, yapo nje kwenye kivuli. Mbegu ya helebori ikianguka kijusi chake ndani bado hakijakomaa, inahitaji kwanza miezi ya joto na unyevu kijikuze, halafu miezi ya baridi ndo ichipue. Ukiikausha ukaihifadhi hadi mwaka ujao umeivuruga, inaweza kulala muda mrefu sana au isiote. Kwa hiyo makopo yasikauke hata siku moja kiangazi chote, na nisichungulie.

Agosti 17

Ukame. Wiki 5 hakuna mvua ya maana. Hapa ndipo nadhani watu wengi wanapoteza maua ya winta bila kujua, wanaona helebori kijani wanadhani yupo sawa, kumbe ni wakati huu anatengeneza ndani yake vichipukizi vya maua ya mwaka ujao. Akikosa maji Agosti unakuja kulia Februari. Naenda jioni mara moja kwa wiki na maji mengi, lita 10 kwa kila mmea, badala ya kunyunyiza kidogo kidogo kila siku ambako mizizi ya mwaloni iliyo juu inafaidi yote.

Desemba 4, mwaka wa pili

Nimekata majani ya mahuluti. Foetidus sijamgusa, nimemfungia uzi mwekundu kwenye kila shina la kutoa ua. Yule niliyemkata ametoa mashina manne mapya kiangazi kilichopita, na yote manne yana vichwa.

Yale maua mawili niliyoweka kwenye glasi mwaka jana sikuandika mwisho wake, yalifunguka kidogo, kijani hafifu, yakakaa siku 9.

Januari 5

ZIMEOTA. Nilikuwa napita na ndoo nikaona kopo la pili lina kitu cha kijani, nikapiga magoti. Vijani viwili viwili vya mviringo, vimeinama na ganda la mbegu bado kichwani. Nimehesabu 11 leo.

Januari 26

27 kati ya 40. Kulikuwa na jalidi mara nne katikati hapo na hakuna hata kamoja kaliokufa. Baba wa nyumba kaja na tochi usiku kuviangalia, mwenyewe, sijamwita.

Februari 14

Siku ngumu. Yule mhuluti mweupe mwenye madoa, niliyempenda kuliko wote, majani yake machanga yametoka yamejikunja na yana michirizi myeusi inayofuata mishipa ya jani, na kwenye vikonyo vya maua pia. Nilijipa moyo kwamba ni ule ukungu wa kawaida. Lakini ukungu unatoa madoa ya duara, na unaanzia mara nyingi kwenye majani yaliyokomaa. Michirizi inayofuata mishipa kwenye jani jipya, mmea umedumaa, hiyo ni ile inayoitwa kifo cheusi, ni virusi na haina dawa. Vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, ndo wanaosambaza, na nimegeuza jani nimewakuta wamejazana chini yake.

Nimesubiri siku 4 nikiangalia kila asubuhi kama michirizi itaacha. Haikuacha. Leo nimemchimba wote na udongo uliomshika, nimemfunga kwenye mfuko akaenda kwenye taka, si kwenye lundo la mboji. Mkasi nimeusafisha kwa spiriti. Wengine wote nimekagua chini ya kila jani, nimewaponda vidukari kwa vidole na kuosha kwa maji ya sabuni. Kama una mmoja mgonjwa na sita wazima pembeni usimwonee huruma yule mmoja, ni ngumu lakini fanya.

Shimo nimeliacha tupu. Sitapanda helebori hapo kwa sasa, nitahamishia kikundi cha galanthasi.

Machi 1

Hesabu ya leo, nimesimama dirishani kabla sijatoka: naija wawili maua 17. Mahuluti 6 waliobaki maua 41, na wale wadogo 4 niliowapanda bila kujua rangi wameonyesha: wawili pinki, mmoja njano yenye madoa mekundu, mmoja rangi ya zabibu na ukingo mweupe ambao sijawahi kuuona mahali pengine. Foetidus, nimeacha kuhesabu baada ya 60. Siklameni zote 5. Erantisi 19, sita ambazo hazikutoka mwaka jana zimetoka mwaka huu. Galanthasi vikundi vyote 14, na leo kulikuwa na nyuzi 12 zile petali za nje zimefunguka zimekaa kama mabawa, ndani unaona alama ya kijani.

Jua limeingia saa tatu na robo, limetoka saa nane na nusu. Bibi alikuja kaketi kwenye kiti cha jikoni akaangalia nje muda mrefu, akasema galanthasi zake zimenenepa kwangu kuliko kwake. Nimempa siklameni moja ya kopo.

Machi 22

Miche 27 imetoa jani la kwanza halisi, lile lenye vidole vitatu. Ni wakati wa kuitenganisha kila mmoja kopo lake. Leo nimefanya 18, mzizi wao ni mrefu kuliko nilivyotegemea, unashika jani siyo shina kwa sababu shina likibonyea mche umekwisha. Ua la kwanza kwa hawa ni miaka 2 hadi 3 kutoka sasa, na rangi hakuna ajuaye. Kila kopo nimeandika namba na mama yake: zambarau, njano, zambarau, zambarau, naija. Kuna 4 za yule mweupe mwenye madoa, mbegu nilichukua Juni kabla hajaugua. Hizo nimezitenga meza ya peke yake, mbali na nyingine, nazikagua kila asubuhi, hadi leo majani ni safi.

Zimebaki 9. Vichipukizi vya mwaloni vimeanza kuvimba, kesho nikiamka mapema nazimaliza.